Musave Mmoja Hautoshi

Mama unayesoma, kama mutoto wako ameanza kutembea na kichaka kiko karibu na choo chako, najua unachofikiria. Unafikiria panga. Mimi pia nilifikiria panga, nikaliita, likaja. Ndiyo maana naandika. Usiite watu wa panga kabla hujamaliza kusoma hapa.

Naitwa Hadjara. Nakaa juu ya Kizuka, kwenye kolini, yaani kilima, inayotazama ziwa. Michikichi imejaa huku mpaka ukisimama mlangoni kwangu unaona makuti, makuti, halafu maji. Nyuma ya nyumba kuna kijito. Ukikifuata kupanda juu, mwendo wa nusu saa kwa mwanamke mwenye ndoo kichwani, unafika kwenye mawe makubwa. Juu ya mawe hayo kumebaki kipori ambacho hakuna mtu aliyekikata, kwa sababu kupanda pale na mzigo ni shida. Sisi tunapaita Kumawe tu. Ndani yake iko miti ya musave mingi, ya kila umri, mikubwa na midogo.

Zamani kichaka kilishuka kutoka Kumawe, kikafuata kijito pande zote mbili mpaka nyuma ya choo changu. Mwaka ambao binti yangu Aliya alianza kutambaa, niliona gamba la nyoka limenasa kwenye mwiba, refu kuliko kitenge changu. Nyoka mwenyewe sikumuona, na hilo ndilo lilinisumbua zaidi. Siku tatu chakula hakikupita. Ya nne nikamwambia mume wangu Kassimu, Mungu amrehemu: "Ama kichaka kiondoke, ama mimi na mutoto tunarudi Muhuta kwa baba."

Kassimu alicheka. "Mama Aliya, gamba halina meno."

"Mwenye gamba anayo."

Akakata. Alisafisha upande wetu wote wa kijito, kutoka choo mpaka chini ya mawe, akapanda michikichi. Na kama watu wa huku wanavyofanya wakifungua shamba, aliacha musave mmoja. Ndiyo desturi yetu. Unaacha mmoja, ulionyooka kuliko yote, kwa ajili ya mbao za mtumbwi wa wajukuu na kwa ajili ya mbegu. Mtu akipita akauona umesimama peke yake katikati ya michikichi, anasema, hii familia ina akili, haikumaliza. Majirani nao walikata, na kila mmoja akaacha wake. Kutoka kwangu mpaka barabara ya ziwani utahesabu misave saba, kila mmoja mbali na mwenzake. Tukaona tumefanya vizuri.

Mti wetu ulitoa maua kuliko yote saba. Maua ya njano, mdomo wazi kama tarumbeta ndogo, na ndani yake mistari myekundu. Yakianguka, unafagia asubuhi na saa sita unafagia tena. Ila matunda yake, yale maganda membamba marefu yanayoning'inia kama mikia, yalikuwa ya kuhesabu. Sikujali. Mti wenye maua mengi namna ile, nani atauuliza watoto wako wapi?

Miaka minne imepita tangu mvua ishushe udongo upande wa juu wa kijito. Haukuua mtu. Ulifunika mihogo ya jirani, ukasimama hatua kumi tu kutoka mahali ambapo Aliya, sasa mtu mzima, na mume wake Hamidou walikuwa wanajenga nyumba, ng'ambo ya kijito. Walikuwa wamekwisha kupandisha ukuta mpaka madirishani. Nilisimama pale nikatazama ule udongo mwekundu, nikatazama ukuta, na tangu siku hiyo mvua ikianza mimi nahesabu saa mpaka ikatike.

Tuko wanawake kumi na mmoja katika ishirika letu, chama cha kusaidiana, na tuna pepinyeri, kitalu kidogo cha miche, karibu na maji. Tukasema tupande misave pale palipomomoka, maana mizizi yake inashuka na kushika. Mbegu tutoe wapi? Wote wakanigeukia mimi. Mti wangu uko karibu, maganda yanaanguka uwanjani, hakuna haja ya kupanda mawe. Nikajisikia mkubwa.

"Chukueni," nikasema. "Mti wa Kassimu ni wa wote."

Tulifungua maganda. Mbegu nyingi zilikuwa bawa tu bila kiini, ukizifinya zinavunjika kama ganda la kitunguu. Tulichagua zilizojaa kidogo, na misimu miwili ikapita ndipo tukapata miche mia mbili. Ilikuwa myembamba, ya rangi ya chai ya maziwa. Tukasema itapona ikishika udongo. Tukaipanda.

Mwaka uliofuata majani yakaota madoa meusi. Ingekuwa mche mmoja huku na mwingine kule, ningeelewa. Lakini ilikuwa yote, juma moja, kama watu wa nyumba moja waliokula chungu kimoja kibaya. Kiangazi kilipoisha ilibaki tisa.

Kabibi, mwenzetu aliyetoka upande wa Fizi, ana mdomo usiolala. Siku tuliyokwenda kuhesabu alishika kiuno akasema, "Mama Aliya, muti wako unazaa kama mimi ninaimba kanisani. Kelele mingi, kitu hakuna."

Tulicheka, mimi pia. Nilipofika nyumbani kicheko kikaisha. Aliya alikuwa amekwisha kuhamia kwenye ile nyumba, na tumbo lake lilikuwa la miezi saba.

Mzee mmoja anaitwa Leonidasi, mufugaji wa nyuki, mizinga yake iko Kumawe. Anapita kwenye pepinyeri yetu akishuka na asali. Siku moja alitukuta tunamwaga udongo wa vifuko vya miche iliyokufa.

"Amahoro, bamama."

"Amahoro," tukajibu, bila nguvu.

Aliokota mche mmoja mkavu, akaugeuza. "Mbegu mulitoa wapi?"

"Kwa mti wangu," nikasema.

"Na zingine?"

"Ni ule tu."

"Mia mbili zote, mama mmoja?" Akakaa juu ya ndoo yake. "Na baba yao ni nani?"

Kabibi akapiga makofi. "Baba ya muti! Leonidasi, hiyo asali imeshakuwa pombe?"

Leonidasi hakukasirika. Alikwenda mpaka chini ya musave wangu, akarudi na ua moja, akalipasua kwa ukucha, akatuonyesha unga ndani yake. "Hii unga inatakiwa itoke kwa musave mwingine. Nyuki ndiye anabeba. Sasa angalieni huu mti. Iko na maua elfu. Nyuki akifika hapa, ataenda wapi tena? Anatoa unga tawi hili, anapeleka tawi lile, anashiba, anarudi nyumbani. Mti unajipakaa unga yake yenyewe."

"Kumbe umejioa wenyewe," Kabibi akasema.

"Ndiyo. Mara nyingi unakataa, ua linaanguka bure. Mara moja moja unakubali, na mutoto anayezaliwa ndiye huyu." Akainua ule mche mkavu. "Wote damu moja. Ugonjwa ukijua njia ya kuingia kwa mmoja, umejua ya wote."

Nikamuuliza, "Mbona zamani haikuwa hivi? Mama mkwe wangu alikuwa anaokota mbegu hapa hapa, zinaota kama majani."

"Zamani kulikuwa na kichaka. Unamjua yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao? Yeye ndiye anatembea mbali na unga mgongoni. Analala kwenye kuni kavu za kichakani. Alikuwa anashuka na kijito, anasimama ua hili, anasimama lile, mpaka anafika hapa. Sasa akifika chini ya mawe anaona michikichi tu. Hakuna pa kusimama, hakuna ukuni wa kulala. Anageuka."

"Mukata-kichaka ni nani?" Kabibi akauliza, bado anacheka.

Nilikuwa nimeshika ndoo ya kumwagilia. Niliitazama ile ndoo. "Ni mimi. Kassimu alishika panga tu. Mimi ndiye nilimwambia."

Leonidasi akasimama, akajitwisha ndoo yake. "Ulikuwa na mutoto," akasema, akaenda.

Maneno yale yalikaa nami. Msimu wa maua ulipofika nilimfuata Leonidasi nikamuomba kitu, naye hakunicheka. Akashuka kutoka Kumawe na matawi yenye maua kutoka misave mitano tofauti, ameyafunga ndani ya majani ya mgomba yenye maji. Nikaegemeza ngazi kwenye mti wangu, nikapanda na unyoya wa kuku. Nilikuwa napaka unga wa maua ya Kumawe ndani ya maua ya mti wangu, moja moja, na kila nililolipaka nikalifungia uzi wa kitenge cha zamani, ili nilijue.

Kabibi alishika ngazi chini. Alipiga vigelegele mpaka watu wakatoka kwenye michikichi kuja kuona. "Njooni arusini! Bibi arusi amechelewa kidogo, samahani, ana miaka hamsini!"

"Na mahari?" mtu mmoja akauliza.

"Mbolea ya mbuzi, magunia mawili. Baba ya muti alikuwa anataka matatu, tukabishana."

Nilicheka nikakaribia kuanguka. Siku mbili nilipaka maua sitini, shingo ikaniuma juma zima.

Halafu tukangoja. Maua mengine ya mti ule, mamia kwa mamia, yalianguka kama kawaida yake. Yale yenye uzi wa kitenge, zaidi ya nusu yalishika, yakatoa maganda marefu mazito. Kwenye mti mzima, maganda yasiyo na uzi yalikuwa tisa. Yalipokauka nilifungua ya aina zote mbili. Mbegu za maganda ya uzi zilikuwa na kiini unachokisikia chini ya kidole. Nikazipanda za aina zote mbili kwenye vifuko vichache tulivyobaki navyo, mistari miwili kando kwa kando. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale, kivuli ni kile kile.

Sasa nikwambie habari ya kichaka kilichobaki. Kijito kina pande mbili. Upande wetu niliumaliza mimi. Upande wa pili bado kulikuwa na kichaka chembamba, kimeshuka kutoka Kumawe mpaka karibu na mti wangu, na mwisho wake ni nyuma ya nyumba ya Aliya. Kassimu alimpa Aliya sehemu ile alipoolewa. Leonidasi aliniambia kwamba ndani yake iko misave michanga kumi na mmoja, bado haijatoa maua ila inakaribia. "Hicho kikiachwa," alisema, "nyuki mweusi atashuka mwenyewe, nawe utauza ngazi yako."

Mjukuu wangu Sabrina alitimiza mwaka, akaanza kutembea. Hapo ndipo Aliya alikuja kwangu mbio, mutoto kiunoni, hata hakusalimia.

"Mama, nimeona nyoka! Karibu na pale ninapomuogeshea. Mweusi, anapita tu kama mwenye nyumba. Hamidou ameita vijana watatu, Jumamosi wanakata kichaka chote mpaka juu."

Nisiseme uongo. Moyo wangu wa kwanza ulisema: wakate, hata leo. Nilimpakata Sabrina nikamtazama miguu, kidole kwa kidole, kana kwamba nyoka angeacha alama nisiyoiona mara ya kwanza. Nikamtazama tena. Halafu nikamrudisha kwa mama yake.

"Usikate chote," nikasema.

Aliya alinitazama kama mgeni. "Mama! Wewe ndiye ulinifundisha kuogopa nyoka. Nimekua nikisikia hadithi ya lile gamba."

"Nilikufundisha nusu."

"Nusu gani tena? Unataka mjukuu wako aumwe kwa ajili ya maua?"

"Sitaki aumwe. Na sitaki afukiwe. Njoo."

Nilimpeleka kwanza kwenye pepinyeri. Mstari wa mbegu zisizo na uzi ulikuwa umefika kifundo cha mguu, majani yake ya rangi ile ile ya chai, na mingine imelala. Mstari wa pili ulikuwa umefika gotini. Miche yake haikulingana: huu mnene, huu mrefu, huu majani mapana. Wadudu walikuwa wamepita humo pia, wakala mmoja, wakamuacha mwenzake.

Aliya aliinama akashika shina la mmoja. "Ni mti mmoja huu uliozaa wote?"

"Mama mmoja. Hawa wa huku wana baba Kumawe."

Akageukia mstari wa kwanza, nikaona anamjua yule mche mgonjwa. Alikuwa mwenzetu siku tuliyopanda ile mia mbili.

Tukapanda mlima. Nilimfunga Sabrina mgongoni kwangu, nikatangulia na fimbo, napiga majani kila hatua, maana sikuacha kuogopa hata dakika moja. Tulipofika palipomomoka, ile tisa ilikuwa imebaki minne. Kati yao udongo ulikuwa umepasuka, ufa mrefu wa kuingiza mkono. Aliya alikuwa hajafika pale tangu ajifungue. Aligeuka kutazama ziwa, na chini kabisa, mbele ya miguu yetu, akaona bati.

"Ile ni nyumba yetu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Hivi? Chini yetu hivi?" Akasogea, akarudi nyuma. Kokoto moja ilitoka chini ya kandambili yake, ikabingirika, ikaruka, ikabingirika tena, tukaifuata kwa macho mpaka ikapotea upande wa bati.

Alikaa chini. Sabrina mgongoni kwangu alikuwa anavuta kilemba changu.

"Tukipanda ile mizuri ya pepinyeri, itatosha?" akauliza.

"Iko arobaini tu. Nimezeeka, sitapanda ngazi kila mwaka. Inatakiwa mti uzae wenyewe, na michanga ya kichakani kwako izae, na tuokote mbegu kwa wengi. Njia ya nyuki ni kile kichaka. Mimi upande wangu niliukata, Aliya. Umebaki wako."

"Na nyoka?"

"Nyoka tutamtafutia dawa yake. Mlima ukishuka hauna dawa."

Jumamosi vijana walikuja na mapanga yamenolewa. Nilikuwa nimefika kabla yao, na ndoo ya majivu. Nilihesabu hatua ishirini kutoka ukuta wa nyumba, nikamwaga mstari.

Hamidou alitoka na kikombe cha chai. "Eh, mama, leo wewe ndiye shefu wa kolini?"

"Leo ndiyo. Kata mpaka hapa, safisha kabisa, hata jani lisibaki. Lile rundo la kuni liondoke ukutani, na yale mawe, ndimo anamolala. Na choo mukihamishe upande wa barabara."

Alinitazama, akamtazama mke wake. Aliya akatikisa kichwa kukubali. Hamidou akanywa chai yake, akasema, "Choo nitachimba mimi, nimeona," na watu wakacheka.

Walifanya kazi vizuri. Walipofika kwenye majivu, kijana mmoja akaendelea hatua mbili tatu, mkono umeshika moto. Alisimama mbele ya musave michanga mitatu iliyokaa pamoja. Alikuwa na nia njema, naapa. Alitazama juu, akachagua.

"Mama Sabrina, hapa tunaacha huu mmoja ulionyooka, siyo? Wa mbegu."

Nilifungua mdomo. Aliya aliniwahi.

"Mmoja hautoshi," akasema. "Rudi nyuma ya majivu."

Kijana akarudi nyuma ya majivu.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Nyoka ameonekana mara moja tangu hapo, mbali, ng'ambo ya majivu, na sisi tukamuona kwanza kwa sababu uwanja ni mweupe. Kila asubuhi bado nakwenda na fimbo yangu kupiga njia kabla Sabrina hajatoka. Aliya anasema nimezidi. Wacha nizidi. Ile miche arobaini iko juu mlimani, imebaki thelathini na nne, na mvua ya mwaka huu ufa haukuongezeka. Mwezi uliopita wanawake wa ishirika walipanda Kumawe na Leonidasi, Kabibi akilalamika kila jiwe, wakaokota mbegu kidogo kidogo chini ya misave kumi na miwili. Mwanzoni walitaka kujaza mfuko chini ya mti wa kwanza, warudi mapema. Nikakataa. Walininunia njia nzima.

Kwa hiyo, mama, ogopa nyoka, ni haki yako. Safisha uwanja wako. Ila kabla hujamaliza kichaka, panda mlima usimame, utazame bati lako kutoka juu.

Juzi musave wangu umeanza maua tena. Ngazi sikuitoa nyumbani. Nilikaa kwenye mkeka chini yake na Sabrina, yeye anaokota ya njano anayavaa vidoleni, mimi nasikiliza. Nyuki wadogo walikuwa wengi, kama kawaida. Saa nne hivi nikasikia sauti nene, ya chini, kama mtu anayeguna chumba cha pili. Alitoka ng'ambo ya kijito, mweusi, mkubwa, kifua chake cha njano kwa unga, akaingia ua la kwanza mpaka tako likabaki nje.

Nilimshika Sabrina mkono asinyooshe kidole.